Krimu Moja kwa Vichwa Vyote

Alhamisi, Septemba 19

Leo nimejifungia bafuni nusu ya asubuhi. Si tumbo. Nilikuwa nafikiri. Mbele yangu rafu, na juu ya rafu mali yote ya nyumba hii. Kopo la mafuta mazito la Jucilene, mke wangu, mwenye nywele za kipilipili zinazokunywa mafuta na kuomba mengine. Chupa ya Moema, binti yangu, aliyechukua singa za upande wangu. Kopo la Tainá, pacha wake, aliyechukua kipilipili cha mama yake. Pomedi ya Dona Valdelice, mama mkwe, ambaye hunyoosha zake kwa chanuo la moto na hataki ushauri. Na nyuma kabisa, karibu na dawa ya mswaki, kichupa changu. Nywele zangu ni chache lakini zipo.

Tumbo moja limetoa mapacha, na mapacha wenyewe hawawezi kutumia kopo moja. Vichwa vitano, dawa tano. Ubadhirifu mtupu. Nikaona mwanga pale pale, nikiwa na mswaki mdomoni: krimu moja, ya bei ya mtu wa kawaida, kwa vichwa vyote.

Nimeitangaza mezani wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu moja. Chumba cha mbele. Kile kinachotazama mteremko, ambamo marehemu baba mkwe alikuwa akishona viatu. Tangu duka la magodoro liniachishe kazi mwezi wa Kanivali, nakitamani kile chumba kuliko mbingu. Anakitamani pia Edvan, kaka yake Jucilene, shemeji yangu, mtu mwenye kipara kilichokamilika na ndoto ya kuuza coxinha, zile kachori za kuku, na bia baridi. Mama mkwe alikwisha kusema ufunguo atautoa siku ya karuru, karamu yetu ya mchuzi wa bamia, tarehe 27, na hajasema atampa nani.

Basi alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mdomo, akatoa hukumu. "Baba Mapacha, krimu yako ikipita vichwa vyote vya nyumba hii kabla ya karuru, na asilie mtu, ufunguo wako. Akilia hata mmoja, Edvan alete friji lake." Edvan akauliza kama na chake kinahesabiwa. Nikamjibu kwamba mimi natengeneza krimu, sifanyi miujiza. Jucilene alihamisha kopo lake kutoka bafuni, akalificha chumbani.

Ijumaa, Septemba 20

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama katika maduka yote ya Calçada, kwenye rafu za chini ambako wanaweka makopo ya kilo moja. Nimepata matatu: la nazi, la parachichi, na moja lenye kifuniko cha dhahabu lililoandikwa kwamba linafaa nywele za aina zote. Muuzaji alisema watu wanalisifu. Nilipomuuliza watu gani, akaenda kumhudumia mteja mwingine.

Nimeyachanganya yote matatu kwenye ndoo. Nikajipaka mwenyewe kwanza, kama mvumbuzi mwenye heshima zake. Nikakaa juani huko juu kwenye paa, nikisubiri matokeo.

Matokeo: nywele zimelala chini kabisa, zimegandamana, na ngozi ya kichwa imejitokeza kote. Edvan alinizunguka akitazama kwa makini. "Shemeji, sasa mpaka mawazo yako yanaonekana. Mbona machache hivyo?"

Jioni zilipokauka zikawa rangi ya mawese. Jucilene akauliza nilitumia ndoo gani. Nikamwambia ile ya kudekia, lakini niliifuta vizuri. Akauliza kama niliisuuza, maana jana alilowekea humo nguo kwa dawa ya kutoa madoa. Sikupenda alivyouliza.

Jumamosi, Septemba 21

Ndoo mpya. Krimu mpya. Leo zamu ya Moema, ambaye amealikwa kwenye siku ya kuzaliwa ya mwenzake wa shule.

Nimempaka nyingi ili ang'ae. Aling'aa. Amefika huko na vibanio vinne kichwani, vyote vikateleza kimoja kimoja, cha mwisho kikaingia kwenye keki. Mama mwenye sherehe amenipigia simu kuuliza kama mtoto ana ugonjwa wa ngozi. Moema mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini, na watoto wengine wakaanza kugombania nani amshike kichwa. Hakulia. Nimesisitiza hilo kwa mama mkwe: hakulia. Vichwa viwili vimepita.

Tumemwosha kwa sabuni ya vyombo, mara tatu. Kisha Jucilene akaniambia, kwa ile sauti yake ya chini ninayoiogopa, kwamba nisiguse tena vichwa vya watoto wake bila yeye kuwepo.

Alisema watoto wake. Hakumtaja mama yake.

Jumapili, Septemba 22

Krimu za dukani basi. Leo nimerudi jikoni. Kila mtu katika jiji hili anajua kwamba uji wa wanga wa mahindi unalainisha nywele, na pakiti ya wanga ni bei ya bure. Nimepika uji mzito, nikatia tui la nazi na asali, nikauacha upoe juu ya jiko, nikaenda mlangoni kumsubiri mama mkwe atoke misani.

Kurudi, namkuta Edvan na kijiko. Alikwisha kunyunyizia mdalasini juu. Sufuria imebaki ukoko. Alisema uji si mbaya, ila mkono wangu mzito kwenye asali. Nikamweleza kwamba ulikuwa wa nywele. Akajipapasa kipara, akasema basi tungoje, huenda zikaota kutoka ndani.

Nimekwangua ukoko, nikampaka nao mama mkwe. Akakaa kwenye kiti chake juani, akapitiwa na usingizi. Ukaganda. Tumeubandua vipande vipande, Jucilene akiwa hajiwezi kwa kicheko, mama mkwe akiwa amekaza taya. Edvan akaruka akidai ameona chozi. Nikasema ni jasho. Akasema jasho halitoki jichoni. Tukaenda hivyo mpaka mama mkwe mwenyewe akaamua: ni jasho. Mungu ampe maisha marefu. Ni mtu wa haki yule mama, hata ukoko ukiwa bado nyuma ya sikio.

Vichwa vitatu.

Jumatatu, Septemba 23

Leo sikuwa na mpango wowote, na bado nimeharibu.

Nilikuwa naosha vyombo Tainá akaja kusimama kwa mguu mmoja, kama afanyavyo akitaka kitu. Aliniuliza kama dawa yangu inaweza kuzifanya nywele zake ziwe za kulala kama za Moema kabla ya Ijumaa. Nikauliza za nini. Akasema kila mwaka siku ya karuru wageni huuliza mapacha wako wapi. Wakimwona Moema wanamshika kichwa, halafu wanamgeukia yeye na kumuuliza anatoka nyumba ya nani. "Karuru ni yetu wote wawili, Baba. Mimi sitaki kuwa mtoto wa jirani."

Iliniuma. Walizaliwa wadogo hivi kwamba mkunga hakutaka kutaja uzito wao. Mama mkwe akawaahidi watakatifu Kosma na Damiano, mapacha wenzao, kwamba wakiishi atawalisha watoto wa mtaa karuru kila Septemba. Wakaishi. Karuru ni yao kabisa.

Baba mwenye busara angemwambia mwanawe kwamba nywele zake ni nzuri zilivyo. Mimi nikamwambia, "Subiri Ijumaa." Sijui ilitokaje. Akaenda anarukaruka, nami nikabaki na povu mikononi.

Jumanne, Septemba 24

Nalvinha, mwuza bajia za acarajé wa pale kona, ndiye aliyenifungua macho. Nilimweleza shida yangu kwa siri, akaisimulia kwa sauti kwa wateja wote, kisha akanipa jibu: ute wa bamia. Mama yake aliwapaka hivyo wanawe wote tisa.

Nimenunua bamia kidogo, nikazikata, nikazimwagia maji ya moto, nikachuja kwa soksi ndefu ya nailoni ya Jucilene, ile ya harusini. Ukatoka mlenda safi, unavutika, hauna mwisho. Nikamwomba Jucilene kichwa chake. Alikataa. Nikamwomba tena. Alikubali ili apate kulala.

Sasa hapa niandike taratibu. Ilifanya kazi. Kipilipili chake kilijikunja kimoja kimoja, kikang'aa, kikawa laini. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Akasema, "Mh." Katika ndoa yetu, "mh" yake ya namna hiyo nimeisikia labda mara mbili. Vichwa vinne. Nimempita mbele Edvan nikipiga mluzi.

Jumatano, Septemba 25

Ute uliobaki umechacha. Joto la nyumba hii. Nilifungua chupa, paka akahama. Mama mkwe ametafuta panya aliyekufa chini ya makabati yote, nami nimemsaidia kutafuta.

Kwa hiyo: lazima uwe mbichi, na lazima uwe mwingi, maana Ijumaa watakuja wageni wa mtaa mzima na nitataka kuwauzia. Lakini bamia za kiasi hicho nitazitoa wapi?

Mchana Edvan akarudi kutoka soko la São Joaquim na gunia la bamia begani. Za karuru. Mungu huwaona wenye nia.

Alhamisi, Septemba 26

Siku ya kukata bamia. Tumekaa duara jikoni, watu wazima na watoto, kila mtu na kisu chake na umbeya wake. Mama mkwe anakagua: ndogo zaidi, ndogo zaidi, unamkatia ng'ombe? Nilikata kwa bidii mpaka nikasifiwa. Zikajaa mabeseni. Walipokwenda kujinyoosha, nilijitolea kuzilinda na nzi.

Nilikuwa nimekwisha kulifikiria jambo hili kwa haki. Karuru inahitaji bamia. Nywele zinahitaji ute tu. Hakuna atakayepungukiwa. Nikachemsha maji, nikamwaga, nikangoja, nikachuja, nikarudisha nyama ya bamia kwenye mabeseni yake kama ilivyokuwa, ila kavu na safi zaidi. Ute nikautia tui na asali, nikajaza chupa, nikazisukuma chini ya kitanda. Nikaona nimewafanyia hisani.

Kisha nikamwita Tainá bafuni. Jucilene alikuwa bado amelala, na ahadi ni ahadi. Mtoto alikaa amefumba macho wakati wote, ametabasamu. Nikapaka. Nywele zikajikunja moja moja, zikang'aa kuliko za mama yake, zikapanda juu mpaka masikioni. Nikadhani nimeshinda. Akafumbua macho. Akajitazama. Akapeleka mkono begani kutafuta urefu, hakuukuta. Chozi likaanguka ndani ya sinki, likafuatwa na mengine.

Edvan, aliyekuwa akingoja zamu ya kuoga, akauliza kupitia mlangoni kama umeme wa chumba cha mbele utaweza friji la milango miwili.

Nilikuwa na huzuni, na haikuwa ya ufunguo. Ya ufunguo nayo ilikuwepo. Nilimwambia Tainá ukweli: hakuna krimu yangu inayoweza kufanya alichoomba, na nilijua tangu Jumatatu. Akaniuliza kwa nini basi nilimwambia asubiri.

Jucilene aliamka akaja. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Aliniketisha kwenye kigoda cha jikoni, akamweka mtoto kati ya magoti yangu, akanipa chanuo la meno mapana. "Anzia ncha, panda juu. Polepole. Hufukuzi kuku." Nikaanzia ncha. Nikafungua mafundo kwa vidole, nikagawa, nikasokota vijikamba vidogo vidogo. Jua lilizama nikiwa bado upande wa kushoto. Tainá alinisimulia shule nzima: nani kagombana na nani, mwalimu gani ananuka kahawa. Akasinzia shavu likiwa juu ya goti langu. Mguu ulikufa ganzi, sikuusogeza. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayesoma hapa.

Ijumaa, Septemba 27

Asubuhi tumefumua vile vijikamba. Nywele zikafumka zikawa kubwa, nyeusi, zinacheza kila anapogeuza shingo. Moema alizishika kwa mikono miwili, akataka kujua zake zitafanywa lini. Tainá alijitazama kwenye kioo, kisha kwenye dirisha la jirani, kisha kwenye kijiko.

Ndipo nikaingia jikoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa, kamba wakavu ndani, mawese ndani, bamia ndani. Akainua mwiko. Maji yakadondoka tone tone. Karuru huvutika. Hii haikuvutika. Ilikuwa mchuzi wa majani. Akakoroga tena, akainua tena. Kisha akakaa chini. Alisema watakatifu wamekataa. Akaanza kuhesabu kwa sauti amekosa nini mwaka huu: alimsengenya Nalvinha, alikosa misa wakati wa mvua, alidanganya kuhusu jasho siku ya Jumapili.

Kumwona mama wa umri ule akitafuta dhambi zake kwa sababu yangu, nikashindwa. Nikaenda kuzitoa chupa chini ya kitanda, nikazipanga mezani, nikaeleza. Edvan alilazimika kushika ukuta kwa kicheko.

Mama mkwe alifungua moja, akanusa. Akauliza kuna nini ndani. Bamia, tui, asali. Na nini tena? Hakuna. "Apa kwa wanao." Nikaapa kwa wanangu. Akazimimina zote. Akakoroga. Akainua mwiko, na karuru ikavutika mpaka kifuani kwake.

Watoto saba wakaketi mkekani kuzunguka beseni, wakala kwanza na kwa mikono, kama inavyotakiwa. Tainá na Moema katikati yao. Mgeni mmoja akauliza mapacha wa karuru ni wapi. Kabla mtu hajajibu, Tainá aliinua mkono uliojaa mawese. Wakamsifu kichwa, wakauliza anatengenezwa saluni gani. Akasema, "Kwa baba yangu." Nikaenda kuutazama moto wa jiko ambao haukuhitaji kutazamwa.

Nalvinha alirudia sahani mara mbili, akataka kujua ule utamu wa mbali unatoka wapi. Mama mkwe akamjibu, uso mkavu, kwamba ni siri ya bibi yake mzaa mama.

Sasa, katika karuru hutupiwa bamia saba nzima, zisizokatwa. Atakayeikuta moja sahanini mwake ndiye atakayetoa karuru ya mwakani kwa gharama zake. Ndiyo maana watu hula wakipekua. Sahani yangu aliipakua mama mkwe kwa mkono wake mwenyewe, akitazama ukuta. Nimekuta tatu.

Ufunguo amepewa Edvan. "Mtoto alilia, Baba Mapacha. Neno ni neno." Kisha akaongeza kwamba mwakani bamia nitazikatia mbele ya macho yake, na soksi hazitaingia jikoni.

Nimekwenda kusimama mlangoni mwa kile chumba, kikiwa kitupu. Harufu ya ngozi ya viatu bado ipo. Nimeumia kweli. Ningeweka rafu upande wa kulia.

Jumamosi, Oktoba 5

Edvan amefungua. Coxinha zinakwenda. Bia zinakwenda. Nilimwendea kiungwana, nikamkumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Akasema yeye hana nywele, kwa hiyo hana chawa. Lakini ni ndugu, akaniachia rafu ya chini kabisa ya friji. Nikazipanga chupa zangu mpya: ute mbichi wa bamia, tui, asali, safari hii baridi na haziwezi kuchacha. Jucilene ameniambia nizitoe. Tainá ameniambia nizitoe. Mimi nazingoja wateja wa nywele.

Mchana akaja dereva wa basi, ana joto, akaomba kinywaji cha nazi. Edvan, akitazama mpira kwenye televisheni, akapeleka mkono kwenye friji bila kuangalia. Nilitaka kupiga kelele. Nikaona nisubiri kwanza.

Yule bwana alikunywa mpaka chini. Alifumba macho. Akajipapasa tumbo, akasema tangu Jumanne halijatulia hivi. Akaomba ya pili, na ya tatu ampelekee mkewe.

Nimekaa nikitafakari tangu hapo, na yote yamepangika. Uji, Edvan aliula. Karuru, mtaa mzima uliirudia. Na sasa dereva. Kosa langu lilikuwa soko tu. Vichwa vina tabia, kila kimoja na matakwa yake, hata vya mapacha. Lakini tumbo ni tumbo. Kinywaji kimoja, cha bei nafuu, kwa matumbo yote ya nyumba hii.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, hivyo naanza kesho, kwenye kahawa ya mama mkwe. Hajaambiwa.